Mwenye mkongo asiwe mwenye duka

Barabara ya vumbi inayopita mbele ya nyumba ninayoishi, Dar es Salaam, imechimbwa mara mbili na kusimikwa nguzo mara moja, yote kwa ajili ya intaneti. Walianza vijana wenye sururu na sepetu, wakalaza bomba la rangi ya chungwa, wakafukia na kuondoka. Miezi kadhaa baadaye wakaja wengine wa kampuni nyingine, wakafungua mtaro wao hatua moja tu kutoka kwenye ule wa kwanza, wakalaza bomba jeusi. Wa tatu hawakuchimba. Walisimika nguzo na kuvuta nyaya juu kwa juu kuelekea kwenye jengo la ofisi lililo barabara kuu. Nilimuuliza fundi mmoja wa kundi la pili kwa nini wasipitishe waya wao kwenye bomba lililokwisha kufukiwa. Akanijibu huku akifuta jasho: "Humo nafasi ipo hata ya kampuni kumi, kaka. Lakini la wenzetu hatuligusi, na letu hawaligusi."

Nyumba yangu na za majirani hazijaunganishwa na hata moja kati ya njia hizo tatu. Tunaendelea kununua bando.

Katika ujenzi wa mtandao wa faiba, uzi wenyewe wa kioo haugharimu sana. Kinachokula fedha ni kuchimba, kufukia, kulipia vibali na kurudishia lami pale ilipokatwa. Mitaro miwili inayolala sambamba mtaani kwetu ni gharama moja iliyolipwa mara mbili, na anayeirudisha ni mteja anayelipia mwezi. Asiyeweza kulipa bei hiyo anabaki nje, ndiyo maana nyaya zinapita juu ya paa zetu kama ndege za kimataifa.

Hili tatizo halikuanzia kwetu, na dawa yake imeshajaribiwa katika nchi nyingi kwa zaidi ya miaka 20. Wataalamu wanaiita ufikiaji huria wa miundombinu. Maana yake ni nyepesi: mwenye njia ambayo ni vigumu au ni hasara kuijenga mara ya pili, iwe bomba, nguzo, mkongo au waya unaoingia nyumbani kwa mtu, anatakiwa na sheria kuwakodishia washindani wake kwa bei na masharti yaleyale anayojipa mwenyewe. Kwa kuwa nchi zetu kila baada ya miaka michache huandika mpango wa taifa wa intaneti ya kasi, inafaa tujue waliotutangulia walifaulu wapi na wapi walijikwaa. Naona tumeanza kuchukua jina la dawa na kuacha dawa yenyewe.

Nianze na Marekani, kwa sababu ndiyo nchi iliyouliza swali hili rasmi, ikajibiwa, kisha ikaliweka jibu kabatini. Sheria yake ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliyataka makampuni makubwa ya simu yafungue nyaya zao kwa washindani. Lakini kuanzia mwaka 2002 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, ilianza kulegeza kamba: kwanza intaneti ya nyaya za televisheni ikawekwa nje ya wajibu huo, mwaka 2003 faiba mpya ikafuata, na mwaka 2005, baada ya Mahakama ya Juu kuunga mkono msimamo wa tume kuhusu kampuni za televisheni, intaneti ya nyaya za simu nayo ikaachiwa. Mwaka 2009 Bunge lao likaagiza uandikwe mpango wa taifa wa intaneti ya kasi. FCC ikakiomba kituo cha Berkman cha Chuo Kikuu cha Harvard kipitie uzoefu wa mataifa mengine. Timu iliyoongozwa na Profesa Yochai Benkler ilitoa rasimu Oktoba 2009 na ripoti kamili Februari 2010. Jibu lake lilikuwa wazi: katika nchi nyingi zilizofanya vizuri kwa kasi, bei na uenezi, sera za kufungua mitandao zilikuwa na mchango mkubwa.

Makampuni makubwa yalikuja juu. Mpango ulipotangazwa Machi 2010, ulichukua mambo mazuri ya pembeni, kama kupunguza gharama za kutumia nguzo na kulaza mabomba barabara inapojengwa, lakini suala lenyewe la kulazimisha wenye mitandao wafungue nyaya za kwenda majumbani halikuguswa. Mpaka leo Mmarekani katika miji mingi anachagua kati ya kampuni ya simu na kampuni ya televisheni, basi. Nchi iliyozaa intaneti ilikosa ushindani katika kipande cha mwisho cha waya.

Japani ilienda njia nyingine, nayo inastahili kusimuliwa taratibu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 intaneti ya Japani ilikuwa ghali na ya kobe. Shirika la simu la NTT lilishika karibu kila waya wa simu nchini. Serikali ikaagiza NTT iwakodishie wengine nyaya hizo, na kwa mshindani aliyetaka kupitisha data tu kwenye waya ambao tayari unabeba simu ya mteja, ada ikawekwa chini ya yeni 200 kwa mwezi. Mwaka 2001 Masayoshi Son, mwenye kampuni ya Softbank, akaingia sokoni na huduma ya Yahoo BB kwa bei ya karibu nusu ya wenzake. Vijana wake walisimama kwenye vituo vya treni wakigawa modemu kwenye mifuko ya karatasi, bure, kama watu wanaogawa vipeperushi. Lakini agizo lilikuwa kwenye karatasi, na NTT ilikuwa na funguo za majengo. Maombi ya Son ya kuunganishwa yalikwama. Son mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyokwenda wizarani akamwomba ofisa kiberiti, akisema kama wizara haiwezi kuiamuru NTT, yeye atajimwagia petroli na kujichoma hapohapo. Milango ilifunguliwa.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu ya petroli. Mimi napenda kutazama kilichomfikisha mtu huyo hapo. Haki ya kukodi waya ilikuwepo kisheria, bei ilikuwepo, na bado hakupata huduma, kwa sababu mtu aliyepaswa kumfungulia mlango alikuwa mshindani wake. Kulikuwa na fomu ya kujaza, kulikuwa na fundi wa kumsubiri, kulikuwa na "njoo kesho". Waswahili walishasema mwamba ngozi huvutia kwake. Hakuna haja ya kumdhania mtu ubaya. Ukimpa ofisa mmoja kazi ya kuuza intaneti yake na kazi ya kumhudumia mpinzani wake, unajua tayari faili la nani litakaa chini ya mafaili mengine.

Waingereza ndio waliolikamata jambo hilo vizuri zaidi. Kwao pia BT, kampuni yao kongwe ya simu, ilikuwa imeamriwa kufungua nyaya tangu mapema, lakini hadi mwaka 2005 laini zilizokuwa mikononi mwa washindani zilikuwa malaki machache tu, katika nchi yenye mamilioni ya nyumba. Mdhibiti wao, Ofcom, alikuwa na uwezo wa kuipeleka BT kwenye tume ya ushindani, ambako ingeweza hata kuvunjwa. Badala ya kusubiri hilo, BT ikakubali kujigawa ndani. Januari 2006 ikazaliwa Openreach, kitengo kinachoshika mitaro, nguzo na nyaya za kwenda majumbani. Kilipewa ofisi zake, magari ya rangi na jina lake, na wakubwa wake hawakulipwa marupurupu kwa kufuata faida ya BT nzima. Muhimu kuliko vyote, duka la BT lenyewe lilitakiwa kuagiza laini kupitia mfumo uleule wa kompyuta, kwa bei ileile na kwa muda uleule wa kusubiri kama mshindani yeyote. Mfumo ukikwama, unakwama kwa wote. Hapo ndipo wakubwa wa BT walipopata sababu ya kuutengeneza. Ndani ya miaka michache laini za washindani zilihesabiwa kwa mamilioni. Mwaka 2017 Ofcom ilisogea hatua nyingine, BT ikakubali Openreach iwe kampuni inayojitegemea kisheria ndani ya kundi.

Ufaransa nayo ilikuwa na Xavier Niel na kampuni yake ya Free, iliyotumia nyaya za France Télécom, kampuni kongwe ya simu, kuuza intaneti, simu na televisheni kwa yuro 29.99 kwa mwezi, bei iliyowalazimisha wengine wote kushuka. Tofauti na Marekani, Wafaransa hawakuona sababu ya kuacha kanuni hizo faiba ilipofika. Sheria yao ya mwaka 2008 inamtaka anayeingiza faiba kwenye jengo awaruhusu wenzake kuitumia, ili ukuta mmoja usitobolewe mara nne.

Sasa, je, haya yanatuhusu? Ndiyo, lakini hatuwezi kuyanakili yalivyo. Huko kulikuwa na waya wa shaba unaoingia karibu kila nyumba, uliojengwa kwa miongo mingi. Kwetu simu za mezani hazikuwahi kufika mbali na ofisi, hoteli na nyumba za wakubwa. Tulirukia simu za mkononi. Mtu anayekuja na kitabu cha Ulaya na kuanza kutuhubiria kufungua nyaya za shaba anazungumzia mali ambayo hatuna. Swali letu ni jingine: ni kitu gani hapa kwetu ambacho kujengwa mara ya pili ni hasara kwa nchi? Jibu langu ni mkongo unaounganisha mikoa, mitaro na nguzo za mijini, na minara ya vijijini. Na kabla ya hivyo vyote, mikongo ya baharini.

Kuhusu mikongo ya baharini tunayo historia yetu wenyewe, na nasikitika inasahauliwa haraka. Mwaka 2002 Afrika Magharibi ilipata mkongo wa SAT-3, kutoka Ureno hadi Afrika Kusini. Ulijengwa na mashirika ya simu ya kila nchi kwa mtindo wa klabu: kila mwanachama alishika lango la nchi yake peke yake, na yeyote aliyetaka kupita alipita kwake kwa bei yake. Mkongo ulikuwepo, uwezo wa kupitisha data ulikuwepo, na bei ikabaki juu. Mpango wa mkongo wa EASSy wa pwani yetu ulipoanza mwaka 2003, ulikuwa umeelekea kwenye mtindo huohuo. Wakati huo Dar es Salaam, Mombasa na Kampala zilitegemea satelaiti, na megabiti moja kwa sekunde iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Wanaharakati, watafiti, baadhi ya serikali na wakopeshaji kama Benki ya Dunia wakaitazama SAT-3 na kusema hapana, hatutarudia. Mabishano yalichosha kiasi kwamba Kenya iliamua kujenga mkongo wake wa TEAMS hadi Fujairah pamoja na Etisalat, kampuni ya simu ya Falme za Kiarabu, na wawekezaji binafsi wakaja na SEACOM, uliowashwa Julai 2009. EASSy yenyewe ilipoanza kazi mwaka 2010, ndani yake kulikuwa na kampuni ya WIOCC, inayomilikiwa na mashirika ya simu ya Kiafrika, iliyopata fedha za taasisi za maendeleo kwa sharti la kuuza uwezo kwa yeyote mwenye leseni bila ubaguzi. Bei ya jumla ilianguka kwa namna ambayo waliokuwa wakiendesha vibanda vya intaneti wakati huo wanaikumbuka.

Kwa hiyo tulijifunza kutoka kwa wengine na tukapata. Kisha mkongo ukafika ufukweni, na fikra ile ikaishia mchangani.

Kutoka pwani kwenda bara, Tanzania ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuanzia mwaka 2009, kwa mkopo wa China, zaidi ya kilomita 7,000 katika awamu za mwanzo, kwa kutumia pia faiba zilizokuwa kwenye njia za umeme za TANESCO. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Bila mkongo huo, kampuni binafsi zingejenga Dar es Salaam, Arusha na Mwanza na kuiacha Kigoma ijitafutie. Lakini uendeshaji wake ulikabidhiwa kwa TTCL, shirika ambalo wakati huohuo huuza simu na intaneti kwa wateja wa nyumbani na ofisini, likishindana na kampuni zinazotakiwa kununua uwezo wa mkongo kutoka kwake. Hapo ndipo BT ilipokuwa kabla ya mwaka 2006. Silituhumu shirika kwa upendeleo. Nasema tumeliweka mahali ambapo hata likitenda haki, mshindani wake hawezi kuamini, na mwekezaji asiyeamini atachimba mtaro wake. Anachimba kweli.

Kinachouma ni kwamba sheria zetu zilikuwa mbele. Mwaka 2005 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilianzisha mfumo wa leseni uliotenganisha tabaka: leseni ya miundombinu mbali, ya huduma za mtandao mbali, ya huduma kwa mtumiaji mbali, na ya maudhui mbali. Nchi nyingi zilikuwa bado zinagawa leseni kwa mtindo wa zamani wa simu huku na redio kule. Tulichora nyumba yenye vyumba vinne, kisha tukamruhusu mpangaji mmoja kuchukua vyote. Kanuni za kutumia miundombinu kwa pamoja zipo chini ya sheria ya mwaka 2010. Sheria haijapungua. Kilichopungua ni kuamua kwamba mwenye mkongo asiwe mwenye duka.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu ndilo lililotumika Washington: ukimlazimisha mwenye mtandao akodishe kwa mpinzani, hatawekeza tena. Lina ukweli ndani yake, na anayelipuuza hajawahi kuona hesabu za kampuni. Bei ya kukodisha ikiwekwa chini ya gharama, hakuna atakayejenga, awe mwenye mali au mpangaji. Lakini Japani NTT ilitakiwa kufungua hata faiba yake, na haikuacha kujenga. Nchi hiyo ikawa miongoni mwa za kwanza duniani kwa faiba za majumbani. New Zealand nayo ililigeuza pingamizi lenyewe. Serikali ilipotaka kujenga faiba ya nchi nzima, iliiambia Telecom, kampuni iliyokuwa imeshika soko: unaitaka fedha ya umma, jitenge kwanza. Mwaka 2011 wanahisa wakapiga kura, Telecom ikakatwa vipande viwili. Chorus ikachukua waya na kukatazwa kuuza kwa mteja wa rejareja. Upande wa duka baadaye ukaitwa Spark. Maeneo mengine hayakupewa Chorus kabisa. Kulikokuwa na kampuni za umeme za mikoani zilizojua kuchimba na kusimika nguzo, kama Northpower kule kaskazini, ndizo zilizopewa kazi. Mradi ulikamilika mwaka 2022 ukiwafikia takriban asilimia 87 ya watu. Nikisoma habari hiyo ya kampuni za umeme huwa nafikiria nguzo za TANESCO, ambazo tayari zimefika katika vijiji ambavyo faiba haijavifikia.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo naliogopa zaidi, kwa sababu linavaa nguo za suluhisho. Mtu anaweza kusoma haya yote, akasema: basi, tuunde kampuni moja, iwe na mtandao mmoja, iuze jumla tu, na wengine wote wapite kwake. Kwenye karatasi inapendeza. Majirani zetu wa Rwanda walifanya hivyo. Mwaka 2013 Serikali yao iliingia ubia na KT, kampuni ya simu ya Korea Kusini, ikazaliwa KTRN, yenye haki ya kipekee ya kuuza jumla huduma ya 4G kwa miaka 25. Mtandao uliwashwa mwaka 2014 na kuenea karibu nchi nzima kwa kasi ya kusifika. Minara iliwaka, watumiaji hawakuja. Kampuni ya simu ya MTN na wenzake walikuwa na 3G yao wenyewe, ambako kila faranga ya mteja ilibaki mfukoni mwao. Kwa nini wamsukume mteja kwenye 4G ambako sehemu ya mapato inakwenda kwa mwingine? Mwenye simu ya 4G Kigali alikuwa anatumia 3G chini ya mnara wa 4G. Serikali ilikubali kubadili mwelekeo, na mwaka 2023 MTN ikapata ruhusa ya kujenga 4G yake. Kurudi nyuma kutoka kwenye mkataba wa miaka 25 ni jambo gumu, na nawapongeza kwa kulifanya.

Mexico ilipita hukohuko. Mageuzi ya katiba ya mwaka 2013 yaliagiza mtandao mmoja wa pamoja kwenye masafa ya megahezi 700. Kampuni ya Altán ikauwasha Machi 2018, na mwaka 2021 ilikuwa mahakamani kwa kushindwa kulipa madeni. Mwaka uliofuata serikali ikachukua usukani. Afrika Kusini ilitangaza wazo kama hilo mwaka 2016, ikabishana nalo kwa miaka, na mwaka 2022 masafa yakapigwa mnada bila mtandao huo kuwepo. Australia, yenye fedha zaidi yetu sote, ilianza NBN, mtandao wake wa taifa wa intaneti ya kasi, mwaka 2009 ikiwa kampuni ya jumla tupu, ikabadilishiwa teknolojia katikati ya safari serikali ilipobadilika, na ikawatoza wauzaji wa rejareja kwa kila kipande cha uwezo walichonunua. Matokeo yake wauzaji walinunua kidogo kuliko walivyohitaji, na jioni watu wakirudi nyumbani intaneti ikawa nzito.

Tofauti kati ya kundi hili na lile la Uingereza na Japani si ndogo. Kule walifungua kilichokuwa kimefungwa. Huku walifunga ambacho kingeweza kubaki wazi, wakakiita huria. Mnara wa simu mjini kampuni tatu zinaweza kujenga na kushindana. Hakuna sababu ya kuzikataza. Mtaro wa mtaani kwetu hauhitaji wenzake wawili.

Mfano ninaoupenda kwa ajili ya miji yetu ni Stockholm. Mwaka 1994 jiji hilo liliunda kampuni yake, Stokab, kuchimba na kulaza faiba jijini. Stokab haiuzi intaneti. Haiuzi hata data. Inakodisha nyuzi tupu, bila mitambo ya kupitisha data, kwa bei na masharti sawa, kwa benki, hospitali, kampuni za simu na yeyote anayetaka, na kila mmoja anawasha taa zake mwenyewe. Kampuni mpya haikuhitaji kibali cha mpinzani ili ianze. Ni katika jiji hilo, pamoja na Oslo, ambako 4G ya kwanza ya kibiashara duniani iliwashwa, Desemba 2009, na nyuzi za kuunganisha minara zilikuwa tayari ardhini. Fikiria halmashauri za Dodoma, Mwanza au Mbeya zikiwa na kazi hiyo moja: mtaro mmoja, bomba nene, chemba zenye kufuli la jiji.

Kwa hiyo kama ningeulizwa kiandikwe nini kwenye mpango unaofuata, ningesema mkongo uondolewe TTCL na upewe kampuni yake ya umma, yenye bodi yake na hesabu zake, isiyoruhusiwa kuuza hata laini moja ya rejareja. TTCL ibaki dukani ishindane, na naamini ikipunguziwa mzigo huo itashindana vizuri. Kama hilo ni kubwa mno kwa sasa, basi ianzwe na hatua ya Waingereza: TTCL inunue uwezo wa mkongo kupitia dirisha lilelile, bei ileile iliyobandikwa hadharani, foleni ileile. TCRA ichapishe kila robo mwaka siku ambazo kila mnunuzi amesubiri kuunganishwa, TTCL ikiwemo. Hilo la siku za kusubiri lisipuuzwe. Son hakuomba kiberiti kwa sababu ya bei.

Kuhusu minara ya vijijini, soko lenyewe lilishatufunza kitu. Kampuni za simu ziliuza minara yake kwa kampuni za kukodisha kama Helios, na leo mnara mmoja unabeba antena za wapinzani watatu bila ugomvi. Pale soko lisipofika, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unatoa ruzuku. Mwaka 2023 ulizinduliwa mradi wa minara 758 vijijini. Mnara uliosimama kwa fedha ya umma uwe na nafasi ya kampuni ya pili na ya tatu, na faiba inayoufikia iwe na nyuzi za ziada kwa ajili ya zahanati na shule iliyo jirani. Sharti hilo likiandikwa kabla ya zabuni halina gharama kubwa. Likiandikwa baada ya mnara kusimama, ni kesi.

Na kuna jambo moja ambalo katika mijadala yetu silisikii likitajwa. Mkongo wetu haukomei mpakani. Unavuka Rusumo kwenda Rwanda, Kabanga kwenda Burundi, Kasumulu kwenda Malawi, Tunduma kwenda Zambia. Kwa nchi hizo zisizo na bahari, sisi ndio NTT, sisi ndio BT. Bei inayopangwa Dar es Salaam kwa uwezo unaovuka Kabanga inachangia moja kwa moja bei ya bando analonunua mwanafunzi wa Bujumbura, na yeye hana mdhibiti wa kumlalamikia hapa kwetu. Alichonacho ni njia nyingine ya kuzungukia, kupitia Kigali na Kampala hadi Mombasa. Wenye malori wanaijua hesabu hiyo siku nyingi: bandari ikiwa na foleni isiyoeleweka na tozo zisizojulikana mapema, mzigo unageuza njia. Data nayo hugeuza, na yenyewe haihitaji hata kubadilisha matairi.